Pumzi ya Tenki la Mzee Masele

Kwa fundi mwenye jina hapa Didia, pikipiki haiharibiki, inaharibiwa. Na anayeiharibu daima ni mtu mwingine: mwenyewe, muuza mafuta, au fundi wa mjini. Mimi Donatus niliishi na imani hiyo miaka tisa, ikanilisha vizuri, mpaka pikipiki ya Mzee Masele ilipoanza kuzimika.

Mzee Masele ni baba yake Salome, na Salome ndiye niliyetaka kumwoa. Pikipiki yake ni ya Kijapani, nyekundu, aliinunua enzi akiwa dereva wa mgodi wa Mwadui, na rangi yake anaipenda kuliko anavyopenda wanawe. Sisemi kwa ubaya, Salome mwenyewe ndiye aliyeniambia. Kila Jumamosi asubuhi huenda sheli ya barabarani, hujaza tenki hadi shingoni, hufunga mfuniko na kurudi nyumbani. Tangu mwezi uliopita, kila Jumamosi ilikuwa inazimika mahali pamoja, mbele ya lango la mzee Jilala.

Mzee Jilala ni baba yangu.

Hapo hata asiyejua pikipiki aliujua ugonjwa. "Jilala amenitegea kitu pale langoni," alisema Mzee Masele, akaacha kumsalimia. Washenga wetu, waliokuwa wameahidiwa jibu, wakaambiwa wasubiri. Mtu haozi binti yake kwa mchawi, hata kama mchawi mwenyewe walichunga naye ng'ombe utotoni.

Mimi nikabadilisha plagi. Ikawaka kiki ya kwanza, nikajipongeza. Jumamosi ikazimika. Nikaosha kabureta, ikawaka, Jumamosi ikazimika. Nikaenda Shinyanga mjini, dukani kwa Velji, kununua koili.

"Ya zamani imeungua?" Velji akaniuliza.

"Inawezekana."

"Inawezekana ni ugonjwa gani, fundi?"

Koili akaniuzia hata hivyo. Niseme ukweli: cheche zilikuwapo siku zote, za buluu, za kuwasha hata kuni mbichi. Fundi mwenye akili angeacha umeme akatafute pengine. Mimi nilifunga koili mpya na kumlaani fundi wa mjini aliyeigusa pikipiki ile mwaka juzi. Jumamosi ikazimika langoni, baba akiwa amekaa kibarazani anamenya karanga. Masikini, aliogopa hata kuinua macho.

Mzee Masele alikuwa na tiba yake. Ikizimika hufungua tenki aone kama mafuta yamenyonywa kichawi, husali Baba Yetu, hupiga kiki, na pikipiki huwaka. Nilimsimulia Salome hayo huku nikilalamika. Salome ni fundi cherehani, na siku hiyo alikuwa anashona sare za kwaya.

"Baba husali kabla ya kufungua tenki, au baada?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Baada."

"Siku moja asali bila kufungua, tuone."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mfuniko wa tenki lile una tundu dogo, na barabara yetu ikirusha, petroli ilikuwa inachuruzika pale na kuchafua rangi nyekundu. Basi mimi, kwa kutafuta kupendwa na mkwe, nililiziba tundu kwa gundi ya chuma kabla tu ya ugonjwa kuanza, nikapiga msasa, na malipo nikakataa. Lakini tundu hilo ndilo pua ya tenki. Ukiliziba na tenki likajazwa hadi shingoni, mafuta yakipungua kidogo tu hewa haiingii kushika nafasi yake, na yaliyobaki yanagoma kushuka. Tenki likijaa vilevile kila wiki, linakabwa palepale kila wiki. Haya anayajua hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Nitalizibua kimyakimya," nikamwambia Salome. "Nitasema niliisafisha tena kabureta."

"Na baba yako?"

"Baba yangu kafanyaje?"

"Atabaki mchawi aliyeshindwa na kabureta."

Akachomoa sindano nene ya kushonea magunia, akanipa. Nikaipokea kwa aibu.

Jumamosi alfajiri nilikuwa uani kwa Mzee Masele. "Shikamoo baba." "Marahaba." Nikasema yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanitazama kwa huruma.

"Ng'wanone, mwanangu," alisema, "wewe ni mtoto mwema. Unajitwika dhambi ya baba yako."

"Basi leo tujaze tenki, baba, tuelekee upande wa Mwadui. Huko Jilala hana lango."

Nikapanda nyuma, tukajaza sheli. Mbele kidogo, katikati ya mashamba ya pamba, pikipiki ikakohoa na kuzimika. Mzee Masele akaangalia kushoto na kulia.

"Jilala ana shamba huku?"

"Hana."

"Shemeji yake?"

"Hana, baba."

Nikafungua mfuniko. Tenki likavuta pumzi, fyuuu, tukaisikia wote wawili. Nikapiga kiki kabla hajaanza kusali, ikawaka. Kisha nikaizima, nikashika mfuniko, nikaisukuma sindano ndani ya gundi kwa koleo mpaka ikatokeza upande wa pili.

Akageuza pikipiki. Tulipita sheli, tukaenda mpaka langoni kwetu. Baba alipotuona alichukua ungo wake wa karanga, akaanza kuingia ndani. Mzee Masele akaizima pikipiki mwenyewe, kwa ufunguo.

"Mwangaluka, Jilala," alimsalimia kwa Kisukuma.

Baba alisimama na ungo mkononi. "Mwangaluka," akaitikia.

"Waambie washenga waje." Kisha akanionyesha mimi kwa kidevu. "Mkwe nimepata. Fundi bado natafuta."