Kiti cha Nyuma

Jelagat alitaka jangwa kwa sababu jangwani hakuna wageni. Nyumbani kwa baba yake, Silver Spring huko Amerika, mlango haufungwi: huyu kaja kuombewa, yule kaja kusomewa barua, mwingine eti kapita tu, na mara chapati zinapikwa. Mzee Mutai ni mtu wa watu bwana. Mtu wa watu wote isipokuwa binti yake, ndivyo Jelagat alivyokuwa akijiambia.

Naye alikuwa na swali moja tu. Mama yao alipofariki, baba alihamia Amerika na Kibet, mtoto wa kiume, akamwacha Jelagat kwa nyanya huko Kapsabet mpaka akamaliza sekondari. Kwa nini yeye? Kila akifungua mdomo kuuliza, kengele ya mlango inalia.

Basi akaomba likizo hospitalini alikofanya kazi, akanunua hema, akakodi gari kubwa na kupanga njia mpaka jangwa la Nevada, mahali ambapo simu haishiki.

"Mimi na wewe tu, Baba," alimwambia.

"Sawa, mama," mzee akajibu, furaha tupu.

Asubuhi ya safari, loo! Ombeni huyo kando ya gari, mzee Mkongo wa kanisani kwao, begi mkononi na sufuria ya pondu, kisamvu cha kwao.

"Baba, si tulisema wawili?"

"Sasa kiti cha nyuma kikae bure mpaka huko? Watu watatuonaje?"

Angefanya nini, amfukuze mzee wa watu? Alijikaza kisabuni, akawasha gari.

Ombeni alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomuudhi Jelagat zaidi, maana hata kumchukia hakuweza. Kila waliposimama kujaza mafuta alimshukuru: "Aksanti, mama, unaendesha muzuri." Halafu yeye na baba wanaendelea na gumzo lao. Walipiga domo kutoka Ohio hadi Utah bila kumeza mate.

Huko jangwani lami iliisha, wakafuata vumbi mpaka pasipo na mti wala nguzo ya umeme. Jelagat akasimamisha hema peke yake, akawasha moto, akateleka chai. Jua lilikuwa linazama. Ombeni akazungusha macho kwenye ule ukame.

"Ee Mungu wangu! Hapa wakikuacha, nani atajua?"

"Kuachwa?" Mutai akaangua kicheko. "Muulize huyu! Nilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja tu. Nikasema, msichana ataolewa, atapata kwake. Kijana bila baba ataharibika. Sasa ona! Kijana hata simu hapigi, na msichana ndiye ananitembeza!" Alicheka mpaka akakohoa.

Jelagat alibaki ameshika birika. Swali lake la miaka yote hiyo lilikuwa limejibiwa, na aliyejibiwa alikuwa Ombeni. Ilimuuma, jamani. Ilimuuma kuliko kule kuachwa.

Ombeni hakucheka. "Na mtoto, hakulia?"

"Huyu? Hata chozi!"

"Nililia," Jelagat akasema. "Ulikuwa umeshapanda gari."

Mutai akatazama moto. Midomo yake ilicheza kidogo, na Jelagat akangoja. Angepokea neno lolote, hata uongo.

"Mwongezee mgeni chai, mama," baba akasema.

Akamwongezea.

Jumapili waliporudi, Mutai alisimama kanisani kutoa shukrani. "Binti yangu alinipeleka jangwani," alisema, sauti ikimtetemeka kwa fahari. "Tumekaa, tumeongea yote, hakuna kilichobaki. Wazazi, tembeeni na watoto wenu!"

Kanisa zima likapiga makofi, vigelegele juu. Jelagat naye akapiga, kwani angefanyaje mbele za watu? Safu ya nyuma, Ombeni alikuwa ameweka mikono yake mapajani, akimtazama.