Isidore Yuko Sange

Domitille alikuwa anamsuka binti yake mlangoni, mahali pasipovuja, tena kwa haraka, kwa sababu redio ya jirani ilikwisha kutangaza kwamba kila mtu awe barabarani mapema. Mgeni mkubwa wa kutoka Kinshasa alikuwa anapanda kwa gari kutoka Uvira, na mtaa wa Kadutu mzima, wazee kwa watoto, ulitakiwa ushuke ukampigie makofi. Noëlla, mwenye miaka minane, alikaa kati ya magoti ya mama yake bila kusema neno. Zamani kichwa hicho kilikuwa hakitulii, kila msuko na hadithi yake. Siku hizi kilitulia mno, na Domitille hakupenda.

Swali lilikuja hata hivyo.

"Maman, kule Sange kuko baridi?"

"Apana. Sange kuko joto."

"Na usiku?"

"Hata usiku. Geuza kichwa."

"Isidore aliacha triko yake."

"Hana lazima nayo. Tonton Raphaël iko anamuchunga muzuri. Geuza kichwa, nimesema!"

Mtoto aligeuza kichwa. Domitille alisuka msuko uliofuata vibaya, akaufumua, akausuka upya.

Isidore hakuwako Sange, kule karibu na Uvira, wala hakukuwa na mjomba Raphaël wa kumchunga. Isidore, mdogo wake Noëlla, alikuwa makaburini tangu mwezi uliopita. Alikuwa na miaka sita. Ukuta wa masomo, yaani wa shule yao, ulianguka wakati wa mvua, baadhi ya watoto wakiwa bado uwanjani wanajifunza ngoma za kumchezea mgeni huyuhuyu, nao ulimwangukia yeye peke yake. Jioni ile Balagizi, shefu wa kartiye, yaani mkuu wa mtaa, aliwatangulia hata majirani kufika, akiwa na vijana wawili wa Chama. Akasema bila kukaa: "Ukuta haikuanguka. Mutoto alikuwa mugonjwa, Mungu amemuchukua. Kilio mutafanya kisha feti ya mugeni."

Basi kilio hakikufanyika. Hakuna mkeka uliotandikwa nje, hakuna moto uliowashwa, hakuna mama aliyekuja na sufuria yake kukesha na wenzake. Walizika alfajiri, upesi upesi, wakarudi kazini. Edouard, baba wa mtoto, alikuwa tarishi pa biro ya Zone, ofisi ya serikali ya wilaya. Mtu anayekula kwa kufungua na kufunga milango ya wakubwa hawezi kumwambia mkubwa kwamba ukuta ulianguka.

Kumficha mtoto msiba si jambo geni Bukavu. Mtoto huambiwa marehemu amesafiri, halafu siku ya kumaliza kilio shangazi humkalisha pembeni akamwambia ukweli, akamshika mpaka amalize kulia. Lakini kilio ambacho hakikuanza hakina siku ya kumalizwa. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Hii ya akina Edouard ilikuwa imekwisha kufika Sange, na bado ilikuwa inaendelea.

Edouard alitoka ndani akifunga vifungo vya abakosti yake, suti ya kazini isiyo na tai.

"Usiku amekojoa tena," Domitille alimwambia kwa sauti ya chini, Noëlla alipokwenda kutafuta viatu. "Chakula anaacha. Edouard, tumwambie."

"Itapita. Batoto banasahauka."

"Huyu hasahau."

"Tukimwambia, ataisema kule kwa masomo. Kesho mi nitakuwa mutu wa kukaa nyumbani. Tutakula nini? Ukweli?"

Hasira Domitille alikuwa nayo nyingi, lakini hasira haichemki ndani ya sufuria.

Watu wa Kadutu walipangwa kando ya barabara ya kwenda Essence, mahali pa kutokea mjini kwenda Uvira: wanafunzi mbele, mama nyuma yao ndani ya vitenge vya Chama, wanaume nyuma kabisa. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha matope mekundu, na kila gari la askari lililopita liliwagawia. Balagizi alipita akikagua nyuso za watu. Alisimama mbele ya Domitille.

"Citoyenne, cheka kidogo. Meno iko ya bure."

Domitille alicheka. Alichukia meno yake yote.

Jua lilikuwa limepanda, na mgeni hajaonekana, wakati Maître Ignace, mwalimu wa Noëlla, alipojipenyeza kati ya akina mama. Nje aliitwa jina la mababu, kama sheria ilivyotaka. Majina ya ubatizo siku zile yalikuwa yamekatazwa, yakajificha ndani ya nyumba. Jasho lilimtoka.

"Maman, Noëlla iko kwako?"

"Kwangu? Si iko mu mustari?"

"Aliomba kwenda kukojoa. Hakurudi." Mwalimu alitazama huku na huku. "Jana aliniuliza kamyo za Uvira zinatokeaka wapi. Nikamwambia, pa Essence. Mi nilizani ni mambo ya jografi."

Kutoka Essence kamyo, yale malori ya mizigo, hushuka mpaka magenge ya Ngomo, barabara yenyewe uzi, mabonde hayana mwisho, na kule chini Sange hakuna Isidore. Kuna nani wa kumpokea mtoto peke yake sokoni jioni? Mmoja alikwisha kumpoteza. Domitille alitoka mstarini.

"Wewe! Unaenda wapi?" Balagizi alimfokea.

"Mutoto yangu amepotea."

"Apotee kisha defile, mugeni akishapita. Rudia fasi yako, mu mustari!"

Domitille hakurudia. Alikimbia nyuma ya migongo ya wanaume, kitenge amekishika mkononi, huku Balagizi akiita vijana wake. Kwenye kizuizi askari mmoja kijana alimwekea bunduki njiani.

"Mama, nzela ekangami." Njia imefungwa.

"Mutoto yangu iko kule, mon adjudant. Nakuomba."

Yule askari hakuwa na cheo hata kimoja begani. Alijiona amepanda ngazi ghafla, akatazama pembeni, na Domitille akapita.

Kamyo zilikuwa zimezuiwa tangu asubuhi, zimejipanga pa Essence na mizigo yao, madereva wamelala chini ya magurudumu. Kama barabara ingekuwa wazi, ya kwanza ingekuwa imeshafika Ngomo. Hilo ndilo jema pekee ambalo mgeni yule aliwahi kumtendea Domitille, na hakujua kama amelitenda.

Noëlla alikuwa juu ya kamyo ya tatu, kati ya magunia, amekumbatia triko ya kijani, ile sweta ya Isidore. Kando yake alikaa mama mmoja mnene, mchuuzi, na kikapu chake.

"Iko mutoto yako?" mama yule aliuliza kutoka juu. "Ananiambia anaenda kwa Tonton Raphaël. Mi nazaliwa Sange. Raphaël wa wapi?"

Domitille alipanda kwa kushika kamba. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuinuka kupiga. Mtoto hakujikinga. Alifumba macho tu, akangoja kofi kama mtu anayengoja haki yake, na hapo Domitille aliogopa kuliko alivyoogopa njia nzima. Alishusha mkono, akakaa juu ya gunia.

"Ulikuwa unamupelekea triko?"

"Apana."

"Sasa unaendea nini?"

"Kumuomba pardon."

"Pardon ya nini?"

Noëlla aliikunja triko magotini, akaikunjua. Siku zote Domitille angesema: jibu, nina kazi, sema upesi. Leo alijizuia. Alivuta gunia karibu, magoti yao yakagusana, akaangalia barabara badala ya kumkodolea mtoto macho. Maneno yalichelewa, lakini yalitoka.

"Alikuwa ananifuatafuata. Mi niko mustari ya mbele, benzangu banacheka. Nikamwambia: enda ukae kule pa ukuta, usirudie hapa tena. Akaenda. Mwalimu akatushusha sisi ba mbele na barabara, tukiimba. Nikarudi nyumbani, Isidore haiko." Alimeza mate. "Alikasirika. Alienda Sange juu yangu, sababu ni mi. Juu nilimwambia asirudie."

Domitille alishika ubao wa kamyo. Mwezi mzima mtoto alikuwa amelala na neno hili, amekula nalo, amekojoa nalo, na hakuna aliyemuuliza. Sasa afanye nini? Akiendeleza uongo, Noëlla atakua akijua kwamba alimfukuza mdogo wake. Akisema ukweli, Noëlla atajua alimpeleka chini ya ukuta. Ukweli nusu ungemuua mtoto huyu wa pili. Ilibaki kuusema mzima, na mzima ulikuwa na jina la mtu.

Mwenye jina alikuwa anakuja. Balagizi alifika kando ya gurudumu, anahema, vijana wawili nyuma yake.

"Citoyenne, shuka! Mugeni iko pa Panzi, karibu kufika!"

Domitille alimfikiria Edouard na abakosti yake. Alifikiria unga uliobaki nyumbani. Akauchukua mkono wa binti yake.

"Noëlla, unisikilize. Isidore haiko Sange. Hakuendaka Sange. Isidore alikufa."

Mtoto hakulia. Alimtazama mama yake usoni.

"Pa ukuta?"

"Pa ukuta. Ilianguka."

"Ni mi njo nilimutuma."

"Ulimutuma kukaa. Kukaa pa ukuta ya masomo haiuaka mutu. Ukuta iko ya kulinda batoto. Unajua juu ya nini ile ilianguka?"

"Citoyenne!" Balagizi alisema.

"Juu ile ukuta ilikuwa ya udongo!" Domitille alipaza sauti, si kwa ajili ya Balagizi, bali kwa sababu yule mtu alikuwa anapiga kelele na mtoto alipaswa kusikia. "Sisi bazazi ba batoto tulibeba mawe pa salongo, kazi ya bure ya Serikali, mi mwenyewe nilibeba. Simenti ilikuja, mifuko na mifuko. Haikufika pa masomo. Iliendaka Bagira, kujenga nyumba ya ule papa unamuona pale chini." Akamwonyesha kwa kidole, jambo ambalo mtu mwenye adabu hamfanyii mkubwa. "Ule mwenye kofia. Si wewe uliiba simenti, Noëlla. Wewe ulikuwa unacheza."

Madereva waliokuwa wamelala chini walikaa. Mama wa Sange aliweka mkono kichwani.

"Papa yangu alijua?" Noëlla aliuliza.

Hili Domitille hakulitegemea.

"Alijua. Aliona wakipakia. Aliogopa kusema. Na mi niliogopa."

"Basi haiko mi."

"Haiko wewe."

"Haiko mi," mtoto alirudia, akijaribu. Halafu mdomo ukamcheza, na akalia. Alilia kwa sauti kubwa, mwili wote, na Domitille akambana kifuani akalia naye.

Kwetu mtu haachwi alie peke yake. Mama wa Sange, ambaye hakumjua Isidore hata kwa sura, alipiga yowe la msiba, mikono kichwani. Mama wa barabarani, waliopangwa kupiga makofi, waliulizana: nani amekufa? Mutoto wa Kadutu. Ule wa ukuta. Wengi walikuwa wanajua, na walikuwa wamengoja mwezi mzima ruhusa ya kujua. Yowe lilipokelewa upande mmoja wa barabara, likavuka upande wa pili. Vijana wa Chama walizunguka wakiamuru furaha, na hakuna aliyewasikia.

Magari ya mgeni yalipita wakati huohuo, mengi, meusi, vioo vimefungwa. Huenda mgeni aliona midomo wazi na mikono juu, akadhani anashangiliwa. Matope yaliruka, kisha barabara ikafunguliwa.

Balagizi alipangusa kofia yake. Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya chini, ile ya ofisini.

"Kesho asubuhi, wewe na bwana yako, pa biro ya Zone. Na Edouard alete funguo zote. Zote."

"Nimesikia," Domitille alisema. Alijua maana ya funguo. Alijua pia kwamba jioni ile ndani ya nyumba yake kungekuwa na maneno mazito, na kwamba Edouard hangekuwa na makosa yote.

Dereva alianza kuita watu wa Uvira wapande. Mama wa Sange aliwasaidia kushuka, akampa Noëlla ndizi mbili. Chini, mtoto alisimama, akavuta kitenge cha mama yake.

"Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Fasi iko."

Nyumbani ilikuwa upande wa kulia. Domitille alimshika mkono, wakakata kushoto, njia ya makaburi. Noëlla aliuliza kila kitu na Domitille alijibu kila kitu: nani alichimba, kama padri alikuja, kama walimvalisha viatu, kwa nini hawakumwamsha naye akaenda. Pale asipojua alisema hajui.

"Maman, alilia?"

"Sijui, mutoto yangu. Walimuleta tayari ndani ya sanduku, misumari imepigwa. Niliomba wafungue nimuone. Balagizi alikataa."