Mvivu wa Kibanda cha Vioo

Msimamizi wa bustani alikigonga chungu kilichokuwa mezani kwa ncha ya kalamu. Juu hapakuonekana kitu ila udongo mkavu.

"Ijumaa nataka nafasi hii, Mama Vyungu. Huu mmea umekufa, unatujazia meza bure."

"Niachie kidogo, bosi."

"Kidogo chako hakiishi!"

Alipotoka, Mama Vyungu alichukua kopo la kumwagilia. Kiazi cha mmea ule alikifukia kwa mikono yake, na tangu majani yalipopukutika, kila akipita moyo ulimuuma. Alijua kiazi kilicholala hakipewi maji, kitaoza. Lakini kama hakikulala? Kama kilikuwa kinakufa kwa kiu?

Shemeji yake, mwalimu mstaafu wa Kilatini, alikuwa amemletea chakula cha mchana. Aliinama kusoma kibao cha jina, akacheka hadi miwani ikamteremka puani.

"Shemeji, unajua umemlea nani? Hili neno la pili, pigra. Mvivu!"

"Na wewe unamsema?"

"Mimi simo, ni jina lake. Angekuwa wa kiume angeitwa piger. Asiye huku wala huko, pigrum. Sasa jina lake la kwanza ni la kike, basi na sifa ikavaa gauni."

Mama Vyungu alishusha kopo. "Kumbe kama sisi? Mtu mvivu, watu wavivu, kitoto kivivu?"

"Karibu sawa. Sifa haijiendei, inafuata jina."

"Na wenye lugha hiyo wako wapi?"

"Walishakwisha, karne na karne."

Mama Vyungu alikitazama tena kile kibao. Watu asioweza hata kuwawazia sura nao walikuwa na wavivu wao, na walipowasema, ndimi zao zilijipinda kulifuata jina, kama ulimi wa bibi yake alipomfokea asubuhi za utotoni.

"Ila si tusi tu," shemeji aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Mto unaojikokota waliuita hivyo. Mwaka usiotaka kuisha, hivyo hivyo. Kitu kizito kuanza."

"Basi aliyempa jina alimngoja," alisema Mama Vyungu taratibu. "Na mwisho alimwona akiamka. Asingeamka, angemwita mfu."

Maji akayamwaga kwenye vyungu vilivyokuwa kando.

Ijumaa ilipofika, aliushika mkono wa msimamizi akauzamisha udongoni. "Bonyeza."

"Kigumu."

"Kilichokufa hulainika, bosi."

Msimamizi alijipangusa vidole. "Haya. Lakini alale chini ya meza, si juu."

Huko chini alisahauliwa na wote isipokuwa mmoja. Majira yakabadilika. Asubuhi moja msimamizi aliingia, akasimama ghafla, akavua kofia bila kujua. Ua jekundu, pana kama sahani, lilikuwa limechomoza moja kwa moja kutoka kwenye udongo mkavu, bila jani hata moja.

"Nilete maji?" alinong'ona.

Mama Vyungu alimshika mkono. "Mwache. Anajua mwenyewe."

Wakachuchumaa pale, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka.