Taya la Kimaiyo

Gogo la mwerezi liliteleza katika kiwanda cha mbao kule Elburgon, likampiga Kimaiyo usoni na kumvunja taya. Mkewe, Cheptanui, alimpandisha kwenye lori hadi Nakuru, kwa Jaswant, daktari wa meno Mhindi aliyekubali kutibu Waafrika.

Jaswant alimtazama, akasema wazi, "Mimi najua kung'oa na kuziba. Hii inataka bingwa wa taya."

Bingwa alikuwa Mzungu aliyekuja kutoka Nairobi kuwatibu mabwana wa mashamba. Jaswant alimpigia simu.

"Simtibu mtu wa kiwandani," bingwa alijibu. "Na wewe usiguse kazi usiyosomea." Akakata simu.

Kimaiyo alikuwa akimeza damu. Jaswant akamfunga taya kwa waya kadiri alivyoweza. Mfupa uliunga, lakini upande. Meno ya juu na ya chini hayakukutana tena. Kimaiyo akawa mtu wa uji, na maneno yalimtoka yamepondeka, wenzake kiwandani wakawa wanamwiga huku wakicheka.

Cheptanui alirudi Nakuru kwa Jaswant, akasimama katikati ya wagonjwa. "Umeniharibia bwana!"

"Mama, karibuni naenda Uingereza kusomea kazi hiyo hiyo."

"Ati nini? Umejifunzia kwa bwana yangu, sasa ndio unaenda shule?" Akatema mate sakafuni, akaondoka.

Jaswant alikwenda. Aliporudi, mwaka wa hamsini na nane, watu waliovunjika mataya walimjia kutoka Molo mpaka Kabazi. Kimaiyo hakuja. Basi Jaswant akafunga chumba chake cha kazi, akaendesha gari mpaka Elburgon, akamkuta ameketi nje ya nyumba.

"Sasa naweza kulinyoosha," alimwambia. "Tutavunja palipounga vibaya, tupange upya."

"Uvunje tena?" Kimaiyo aliyatoa maneno hayo kwa shida.

"Hutasikia uchungu. Utakula nyama."

Cheptanui alitoka na panga la kupasulia kuni. "Toka kwangu, Muhindi!"

"Mwache," Kimaiyo alisema. Jaswant akadhani amekubaliwa, akasogea. Kimaiyo akainuka, akamsukuma kifuani. "Mwache atoke na miguu yake."

Jaswant aliteremka kuelekea Nakuru amekaza usukani, hasira imemjaa, asijue ammwagie nani. Kimaiyo alikula uji mpaka alipozikwa.