Mandari ya Kombeni

Ndugu yangu Faraj alikuwa mtu wa maneno machache, na watu walimsifu kwa hilo. Mimi sikumsifu. Nilimlea tangu mama yetu alipofariki, na najua kwamba kunyamaza kwake hakukuwa busara, ulikuwa uvivu wa ulimi. Angekutengenezea kitanda, angekuletea papai kutoka sokoni bila kuombwa, lakini neno zuri ungelingoja hadi uchoke. Katika maisha yake yote alinena upesi mara moja tu, na siku hiyo alimwacha mkewe.

Ulikuwa mwaka uliofuata vita. Alirudi kutoka bandari ya Kilindini, ambako alikuwa nyapara wa makuli, macho mekundu kwa kukesha melini, akakuta jiko limelala. Mwanaesha alikuwa amekwenda harusini mtaa wa pili, akachelewa. Alipoingia, udi wa harusi ungali unanukia nguoni mwake, Faraj akamwambia, "Nimekuacha, talaka moja." Kisha akaketi kitako, ameduwaa, utadhani aliyeachwa ni yeye.

Talaka moja si mwisho wa ndoa. Kwetu sisi mwanamke hukaa eda katika nyumba ya mume, na kabla eda haijaisha mume aweza kumrejea bila kufunga ndoa upya. Ila amrejee kwa kauli. Aseme tu, "Nimekurejea." Mapapai hayamrejeshi mke, hata yawe ya mji mzima wa Mvita. Na eda ya mwanamke kama Mwanaesha huhesabiwa kwa siku zake za mwezi. Zikianza mara ya tatu, eda imekwisha, na mwenye kujua ni yeye mwenyewe.

Mwanaesha akahamia chumbani kwangu, humo humo nyumbani, pamoja na binti yao, Sheikha. Kila jioni Faraj alileta kitu, akakiweka kizingitini, akakohoa, akaenda zake. Mwanaesha alikaa ukumbini amejitanda leso tu, uso wazi, kama mke mbele ya mumewe, kwa sababu moyoni alikuwa bado mke.

"Yuwataka kunirejea, wifi," alikuwa akinambia. "Namuona."

"Mbona haneni, basi?"

"Atanena."

Siku zake zikaja mara ya kwanza, zikaja mara ya pili, na Faraj bado alikuwa anakohoa kizingitini. Hapo nikazua mandari. Sisi watu wa Mji wa Kale twapenda mandari mno: mikeka, masufuria, watoto, twende tukalale nje tupunge upepo, tusahau vichochoro. Nilijiambia kwamba pengine kilichomziba ndugu yangu ni kuta. Rafiki yake wa kazini, Mung'aro, Mrabai, alikuwa na shamba kando ya mto Kombeni, na ukingoni kibanda cha makuti ambamo watu wake walilala wakilinda mahindi. Mwenye eda hatoki ovyo, kwa hiyo nilimwomba Faraj ruhusa. Hakuruhusu tu. Alikwenda mwenyewe Shimanzi kututafutia lori. Nilifurahi kama mtu aliyekwisha kufaulu.

Tulivuka Makupa kwenda bara asubuhi ya Jumamosi, tumekalia magunia matupu, Sheikha akiimba njia nzima. Mto wenyewe ulikuwa mdogo, maji yake matamu na ya kimo cha magoti, yakipita juu ya mchanga bila haraka. Mbeyu, mke wa Mung'aro, alitupokea kwa madafu na muhogo wa kuchemsha, akatufagilia kibanda. Hapakuwa na king'ora cha bandari wala mlio wa kreni. Mtoto alicheka peke yake majini, na mimi nikajiona mwerevu sana.

Na Faraj? Faraj alifanya kazi siku nzima. Alitujengea uzio wa makuti ili wanawake tuoge kwa faragha. Aliingia mtoni akatoa jiwe moja moja pale ambapo Sheikha angekanyaga. Mchana alichoma samaki aina ya changu tuliotoka nao mjini, akakaa kuchambua miiba kwa vidole, kama alivyokuwa akimfanyia Mwanaesha tangu arusi yao, kisha akampa Sheikha sahani ampelekee mama yake. Mwanaesha aliitazama ile sahani, macho yakamjaa maji.

"Hakuna hata mwiba mmoja, wifi," akasema.

Hakula sana. Jioni, tulipokuwa tukikunja nguo, aliniambia polepole kwamba mgongo wamuuma. Mwanamke haambiwi mara mbili. Niliacha nguo, nikamfuata Faraj mtoni, nikamkuta anasugua sufuria kwa mchanga.

"Faraj, nena."

"Dada, si nimemleta hapa? Si yuwaona?"

"Kuona yuwaona. Lakini sheria haina mato, ina masikio. Nenda ukanene."

Aliendelea kusugua. "Nimeazimia kesho, baada ya sala ya alfajiri. Nataka niseme nina udhu, niseme vizuri. Ile siku nyingine nilisema vibaya."

"Nena sasa hivi, na masizi yako mikononi! Huenda kesho isikungoje. Wanielewa?"

Alinielewa. Nilimwona mikono ikisimama. Akatazama upande wa kibanda, ambako Mwanaesha alikuwa akimsuka Sheikha nywele, akafungua kinywa. Kisha akainama tena kwenye sufuria.

"Kesho, dada. Kesho, inshallah."

Niliondoka kwa hasira. Nilikuwa na hasira naye na nilimhurumia pia, na sijui kipi kilizidi.

Alfajiri ukungu ulikuwa umelala juu ya mto. Faraj alitawadha, akasimama ukingoni, akaadhini. Sauti yake ilikuwa nzuri, tamu kuliko ya watu wengi wanaosema mchana kutwa, na niliposikia nilisema moyoni, leo atanena. Nikatandika mkeka nyuma yake, nikamwachia Mwanaesha nafasi kando yangu.

Mwanaesha alitokea nyuma ya uzio wa makuti, leso iliyofuliwa mkononi inachuruza maji. Hakuja mkekani. Alipita, akaketi mlangoni pa kibanda, akatazama mto.

Kila mwanamke ajua maana ya mwenzake kukaa kando wakati wa sala. Lakini Faraj alikuwa ameelekea kibla, hakugeuka, akasema Allahu akbar kuanza sala. Niliswali nyuma yake, na mpaka leo siwezi kukwambia alisoma sura gani.

Alipotoa salamu aligeuka, uso umetulia, amejiandaa. Akasema kwa sauti, hata Mung'aro aliyekuwa akiwasha moto kule juu akainua kichwa:

"Mwanaesha, nimekurejea."

Mwanaesha aliondoa macho mtoni, akamtazama.

"Uliswalisha watu wangapi, Faraj?"

Faraj alinitazama mimi. Akatazama mkeka kando yangu. Kisha akaitazama ile leso inayochuruza.

"Tangu lini?" akauliza.

"Ulipokuwa ukiadhini."

Alisema bila ukali. Akainuka, akalitungua buibui lake lililokuwa limetundikwa kwenye kiguzo, akalivaa, akalishusha usoni. Faraj akainamisha macho, maana sasa alikuwa akimtazama mwanamke asiye wake. Mimi nikalia. Nililia kwa hasira kwanza, huzuni ilikuja baadaye.

"Nitakuja kuposa upya," Faraj alisema, macho yangali chini.

"Ndoo, uje kuposa," Mwanaesha akajibu kutoka ndani ya buibui. "Lakini ndoo wewe mwenyewe. Usinitumie mtu wa kukunenea. Nataka baba akusikie, na mimi nikusikie."

Tulirudi siku hiyo hiyo, Sheikha akililia maji yake. Faraj alikaa mbele na dereva. Mwanaesha aliteremkia Kibokoni, kwa baba yake, Mzee Taib.

Ijumaa baada ya sala Faraj alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akatia kofia, akatoka. Nilisimama dirishani hadi alipopinda kichochoro. Alirejea alasiri, akavua kofia, akaketi.

"Umesema?" nikamuuliza.

"Nimekwenda," akasema.

Sikungoja neno la pili. Nilijitupia buibui nikaenda Kibokoni, nikamkuta Mwanaesha chumba cha nyuma anapepeta mchele kidogo kwenye uteo.

"Nilikaa nyuma ya pazia," akaniambia kabla sijamuuliza. "Baba alimpa kahawa. Akamngoja. Mimi pia nikangoja. Sikuwa na neno jingine la kumjibu ila ndiyo."

"Akasema nini?"

"Akasema mchele umeadimika siku hizi. Kisha akaaga."

Akanionyesha kikapu kilichokuwa kando ya mlango. Sikuhitaji kuinama kutazama ndani. Harufu ya papai bivu ilikuwa imejaa chumba kizima.

"Mshukuru," akasema. "Mwambie yameiva vizuri."

Alinisindikiza hadi mlangoni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyomuaga mgeni wa heshima.

"Karibu tena, Bi Mwanakuu," akasema.

Tangu aolewe nyumbani kwetu hakuwahi kuniita kwa jina. Siku zote alikuwa akiniita wifi.