Birika la Time

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2003, siku mtu wa afya kutoka kaunsili ya mji alipoingia kwa Bi Hsu akaamuru kila chombo kioshwe kwa sabuni.

Bi Hsu ni mwanamke wa Taiwani. Nyumba yake ya chai ilikuwa kichochoroni karibu na Soho, meza chache na viti vifupi. Mimi na mke wangu Time tulikuwa tukisafisha ofisi mtaa wa pili alfajiri, tukimaliza tunapumzika kwake kabla ya kurudi nyumbani Tottenham. Tulianza mwaka tisini na mbili. Siku ya kwanza Time alionja, akanitazama.

"Haina sukari, haina maziwa, haina hata iliki. Hii chai au dawa ya tumbo?"

Kesho yake yeye ndiye aliyenivuta mkono twende.

Kwao birika ni la udongo, dogo la kuenea kiganjani, na halitiwi sabuni abadan. Linasuuzwa kwa maji ya moto basi. Udongo unakunywa chai mwaka baada ya mwaka, mpaka birika lenyewe linakuwa na ladha. Wateja wa siku nyingi Bi Hsu aliwawekea mabirika yao rafuni. La Time lilikuwa jekundu. Time akinitania: "Hili linanijua kuliko wewe, Matar. Wewe mpaka leo unaniuliza kama nakunywa kahawa."

Time alifariki mwaka elfu mbili. Hospitali walimzungusha, kila daktari anamsukumia mwenzake. Hayo nimeshayasema, hakuna mkubwa aliyesikia. Nikawa naenda kwa Bi Hsu peke yangu. Alishusha birika jekundu, akamwaga maji ya kwanza, ya pili akanimiminia. Ladha ileile. Sikuwa na kitu kingine cha Time ambacho hakijabadilika. Hata kanga zake zilikuwa zinanuka kabati.

Jumanne ile Bi Hsu alikuwa kwao, anamuuguza dada yake. Dukani alikuwepo mwanawe, Wei, mtu mzima na shahada yake. Akaambiwa asipoosha duka litafungwa. Akaogopa, akayatia mabirika yote kwenye mashine ya kuoshea vyombo, na sabuni ya ndimu.

Nilikuja Jumatano. Nikapiga funda moja, nikaweka kikombe chini.

"Wei, mwanangu, umefanya nini?"

"Sheria, anko. Sasa ni safi."

"Yalikuwa machafu lini?"

Akacheka kwa haya. Akaniletea kikombe cha plastiki, chai baridi ya maziwa, chini vidonge vyeusi vya unga wa muhogo, na mrija mnene kama bomba.

"Jaribu, anko. Vijana wote wanataka hii. Haina birika, haina matata."

"Muhogo tumeukimbia Pemba," nikamwambia, "leo niunywe kwa mrija?"

Bi Hsu aliporudi hakumgombeza mwanawe. Alilichemsha birika la Time pamoja na majani ya chai, akalianika, akalichemsha tena. Tukaonja pamoja.

"Bado," akasema.

"Bado," nikasema.

Baridi ilipoingia meza zilishatolewa. Vijana wanasimama foleni, wanachukua vikombe vyao, wanaondoka. Bi Hsu akalifunga birika kwenye kitambaa, akanipa.

"Nywea kila siku, Bwana Matar. Chai ileile, usichanganye. Labda."

Basi nalinywea jikoni kwangu. Kuna asubuhi naona kama ladha inakuja, kisha ndimu inapanda juu yake.

Nilikwenda kaunsili. Binti wa dirishani akasema amri ile ni kwa ajili ya afya yetu. Sikupaza sauti. Nilimuuliza jambo moja tu, akaandika, akasema wakubwa watanijibu. Naliuliza tena hapa: tangu Bi Hsu afungue duka lake, ni nani aliyeumwa tumbo kwa birika lisilotiwa sabuni?