Miarobaini Mitano ya Mpakani

Saa tatu asubuhi, Jumanne, fundi cherehani alipitishiwa dirishani betri ya msumeno na chaja yake. Aliyempa ni shemeji yake, jirani.

"Shemeji, hebu nichajie hii. Kwangu umeme umeisha."

"Lete," akasema fundi.

Akachomoa pasi, akachomeka chaja. Betri ilikuwa na vumbi, naye hakuwa mtu wa kurudisha kitu cha watu kichafu, akaifuta kwa kipande cha kitambaa. Taa nne za kijani zilipowaka zote, akampelekea mwenyewe. Huyo ndiye aliyekuwa ndugu pekee wa marehemu mumewe.

Kisha akarudia sare za shule alizokuwa akishona. Msumeno wa betri haupigi makelele kama wa petroli. Cherehani iliumeza mlio wake wote. Wala chumba hakikubadilika. Kivuli cha ile miarobaini mitano, aliyoipanda marehemu mpakani mwaka waliooana, kiliendelea kulala juu ya bati na kuingia hadi mezani kama siku zote. Saa nane alitoka kuanika nguo, akakuta kamba iko chini. Ilikuwa imefungwa kwenye mti wa tatu. Mti wa tatu haukuwapo, wala ile mingine minne, na shemeji alikuwa akifukia visiki kwa koleo.

Vivuli vyenyewe vilikuwapo, vyote vitano, na majani yake yalitikisika kila upepo ulipopita.

"Shemeji, umekata miti ya mpakani."

"Nimesafisha kiwanja changu." Akajipangusa jasho, akasogea kivulini. "Mpaka uko huko, nyuma ya hicho chumba chako cha kushonea."

Alilia akiwa amesimama, beseni la nguo mbichi kiunoni. Kilichomkata maini ni zile taa nne za kijani, alizokaa akizingoja mwenyewe.

Wiki iliyofuata alikuja afisa wa ardhi na faili lake. Jua lilikuwa kali, akaomba kiti. Fundi akamletea kile cha wateja, naye akakiweka kwenye kivuli cha mti wa pili.

"Mama, unasema hapa palikuwa na miti?"

"Umekaa chini yake, mheshimiwa."

Afisa akatazama juu, akaona anga tupu. Akatazama vivuli vya majani vikicheza juu ya magoti yake.

"Kivuli hakina kisanduku kwenye fomu," akasema kwa upole. "Pole sana, mama."

Jua liliposogea naye alisogeza kiti kukifuata kivuli, mara tatu, hadi akamaliza kuandika kwamba mpakani hapajaonekana mti wowote.

Chumba cha kushonea kilivunjwa Ijumaa, ukuta ukajengwa. Waashi walikisifu sana kile kivuli, wakawa wanakula chakula chao hapo. Walipoondoka, shemeji aliweka benchi.

Cherehani sasa iko chumbani anapolala, imebanwa kati ya kitanda na kabati. Jua linaingia saa mbili asubuhi na halitoki hadi jioni, na uzi mweupe unamuumiza macho.

Jumanne moja sauti ilitoka juu ya ukuta.

"Shemeji, umeme umeisha tena. Nichajie betri."

Akaipokea. Akaifuta vumbi, akaiweka dirishani, juani. Safari hii pasi haikuchomolewa. Akakaa, akaendelea kushona, na ng'ambo ya ukuta shemeji alikaa kwenye benchi lake, kivulini, akingoja.